Kitambaa cha Tisa

Mwalimu Ambakisye alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: alitaka kazi ya mikono yake idumu. Hakutaka mali, wala cheo hakukililia. Alitaka akiisha kufa, akiisha kuoza, watu wakae kitako watazame picha alizochora yeye, watikise vichwa, waseme, hii ndiyo kazi, na aliyeifanya ni Ambakisye, mwana wa Rungwe. Jina litajwe. Bila jina, kwake yeye, ilikuwa bure.

Ugonjwa huo aliupatia Masasi mwaka sitini na tano, akisomea ualimu. Gari la sinema lilikuja jioni moja kuonyesha habari za kilimo bora cha korosho, na kabla ya korosho mwendesha mashine akaweka kipande kifupi cha picha za kuchorwa. Za kuchorwa, lakini zinatembea! Zimetoka Japani, alisema yule bwana, na kweli maandishi yake yalikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Bibi kizee anafagia uwanja. Jani linaanguka. Anafagia tena. Anasimama, anatazama njia, anangoja mtu. Jani jingine linaanguka. Basi, imekwisha. Wanachuo wenzake wakapiga miluzi, "Toa huyo bibi, lete ngumi!" Naye Ambakisye akacheka pamoja nao ili asionekane mshamba. Lakini korosho alizisahau kabla hajalala, na yule bibi akakaa naye miaka minane, na ufagio wake.

Kwa nini? Hilo ndilo swali lililomla. Hadithi za picha ni nyingi, na nyingi zina mbwembwe kuliko ile. Kitu gani kinafanya moja ikae na mtu mpaka uzeeni, na nyingine ipite kama maji ya kunawa? Alilitafuna swali hilo akiwa darasani, akiwa shambani, akiwa anachemsha mihogo yake ya ubachela. Mwisho akajipa jibu, na alijipa jibu la haraka. Akasema: ile ya bibi ilikosa kitu kimoja tu, hatukumwona anayengojewa. Yangu mimi nitamwonyesha. Ikiwa watu wameachwa wamngoje mtu muda mrefu, halafu ghafla wakafunuliwa uso wake, watu hawatasahau milele. Haya. Shika jibu hilo, uone lilivyomfikisha.

Mwaka sabini na tatu alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha ujamaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Newala mjini. Ukisimama mwisho wa mashamba ya kijiji, nchi inakatika chini yako, na kule mbali kabisa ni Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni vita. Siku nyingine mchana mkavu mabomu ya Mreno yalisikika hadi huku. Watu waliacha kubangua korosho, wakasikiliza, wakahesabu, wakaendelea kubangua. Nusu ya kijiji walikuwa na ndugu kule. Kijijini palikuwa na shule ya watoto asubuhi, na saa kumi alasiri, katika banda la makuti lililokuwa la kuwekea korosho, palikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima.

Nalo lilikuwa darasa la kusinzia. Mtu ametoka shamba, mgongo unamuuma, unamwandikia ubaoni "ba be bi", asilale? Ndipo Ambakisye akaleta ujanja wake. Alichukua kitambaa cha amerikani, kirefu, akakichora picha kwa safu kwa mkaa, kwa udongo mwekundu wa pale pale, kwa maji ya majani, na kwa buluu ya kufulia nguo. Chini ya kila picha akaandika sentensi moja fupi. Mzee Barnaba, mchongaji wa kijiji, akamtengenezea fremu ya mti yenye vijiti viwili. Unakizungusha kijiti cha kulia, kitambaa kinatoka cha kushoto kwenda cha kulia, na picha zinapita moja moja. Na mahali ambapo mtu anakimbia, Ambakisye alichora miguu mara tatu, nne, tano, kila mara imesogea kidogo, kisha akazungusha kijiti mbio. Lo! Darasa zima likainuka. Msichana wa mkaa alikuwa anakimbia!

Sheria ilikuwa moja: picha haisogei mpaka watu wasome maneno yaliyo chini yake. Kila Alhamisi kitambaa kipya. Hadithi ilikuwa ya binti anaitwa Mwanaheri, ambaye baba yake amevuka mto kwenda kupigana, akaondoka na mguu wake wenye kidole kimoja kilichokatwa na jembe, na Mwanaheri akasema hatangoja, atamfuata. Kitambaa cha kwanza wanaagana. Cha pili anateremka ukingo. Cha tatu kuna mamba. Kufika cha tano, banda halikutosha; watu walisimama nje wakachungulia kwenye makuti, na wale waliokuwa wanasinzia sasa walikuwa wanagombania herufi. Maana usiposoma, jirani zako watakuzomea, unawachelewesha.

Aliyesoma kuwashinda wote ni Severina, wenyewe walimwita Mama Nikolao. Mumewe alikuwa mtu wa ng'ambo, Mmakonde wa Msumbiji, naye alivuka kurudi kupigana na hakuwa ameonekana kwa miaka miwili. Barua zilikuja, moja moja, zimechakaa, zimepita mikono mingi. Mpaka hapo Severina alikuwa anampelekea Ambakisye amsomee, naye alikuwa anatazama chini kwa aibu anaposikia maneno ya mumewe kinywani mwa mwanamume mwingine. Alisema wazi siku moja, "Mwalimu, usikasirike, lakini nataka nikufukuze kazi hii." Mwezi wa sita alikuwa anasoma sentensi nzima bila kuonyesha kwa kidole.

Basi mwezi huo huo wilayani wakaleta taarifa: afisa mmoja, Bwana Gervas, atazungukia madarasa yanayofundisha kwa picha. Hadithi moja itachaguliwa, itanakiliwa, itapelekwa Newala yote, na Tandahimba, na Masasi, mpaka Nanganga na kwingineko, pamoja na jina la aliyeitunga. Ambakisye aliisoma taarifa ile akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Kudumu kumekuja mlangoni kwake, kumebisha hodi!

Akaamua kitambaa cha tisa ndicho kitakuwa cha mshtuko. Na ili mshtuko uwe mshtuko, hakumwambia mtu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mwenye siri tamu haulizi. Alijifungia wiki mbili akachora. Kisha, kwa kiherehere, akamwandikia Bwana Gervas barua ndefu kumweleza mapema jinsi kitambaa hicho kitakavyokuwa, na kwamba hajapata kuona hadithi ya namna hiyo katika nchi hii.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanaheri amerudi kijijini bila baba. Vijana wanatoka jandoni, kuna sherehe, na lipiko anakuja kucheza. Lipiko, kwa asiyemjua, huja na uso wa mti wenye nywele na chale, mwili umefungwa nguo mpaka viganjani, na kinachobaki wazi ni nyayo tu. Anacheza, anawavamia wanawake, wanawake wanapiga kelele wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Ndani yake ni nani? Hamna mtu ndani. Ni lipiko. Hivyo ndivyo ilivyo, na mwanamke hasemi lingine, wala kijana asiyetoka jando hasemi lingine. Ambakisye alikuwa ameona ngoma hiyo mara moja, akajiambia moyoni, maskini, wanadhani kweli ni zimwi. Basi katika kitambaa chake cha tisa, lipiko anasimama mbele ya Mwanaheri, anainua mikono, anauvua uso wa mti. Picha sita, mkono unapanda kidogo kidogo. Na chini ya uso ule: baba!

Alhamisi ilipofika banda lilijaa mpaka watoto wakakaa mapajani mwa watu. Ambakisye akazungusha. Lipiko alipotokea, wanawake wakacheka na kusukumana. Alipofika zile picha sita akazungusha mbio, mkono ukapanda, uso ukavuliwa, akasimama akingoja makofi.

Hakuna aliyepiga kofi. Severina alijifunika kanga kichwani, akatoka. Wanawake wote wakatoka, wengine wamewafumba watoto macho kwa viganja. Hawakukimbia. Walitembea, na walitembea kama watu wanaotoka msibani. Wanaume wakabaki kitambo wakitazama chini, kisha nao wakaondoka. Mzee Barnaba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikifunika kitambaa kwa koti lake, akaliacha koti pale, akaenda zake.

Kesho yake, saa kumi, Ambakisye aliketi bandani peke yake na ubao. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya tatu mzee Barnaba akamjia nyumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ile nguo iko wapi?"

"Ipo ndani. Mzee, nimekosa, naona nimekosa. Lakini mimi mgeni, nieleze. Si kila mtu mzima hapa anajua kwamba ndani ya lipiko kuna..."

Mzee Barnaba aliinua mkono. "Mwalimu, una mchumba?"

"Ninaye, nyumbani Rungwe."

"Mama yake ana makalio, au hana?"

Ambakisye alibabaika mpaka jasho likamtoka. "Anayo, Mzee."

"Umewahi kuyataja mbele za watu?"

"La hasha!"

"Kwa nini? Na kila mtu anajua anayo." Mzee Barnaba akaketi sasa kwenye kizingiti, akatoa ugoro. "Faini yako ni kuku wawili, na kipande cha nguo nyeupe. Na zile picha utazikata kwa mkono wako, unipe. Sisi wanaume tumekasirika, lakini wanaume hukasirika wakapoa. Darasa lako halijafungwa na sisi."

"Limefungwa na nani?"

"Kawaulize wanawake. Kuna kitu chao umewanyang'anya."

Jambo hilo lilimshangaza Ambakisye kuliko kuku wawili. Wanawake? Yeye alidhani wanawake ndio amewakomboa! Na afisa alikuwa anakuja baada ya siku kumi, kukuta nini? Banda tupu na mwalimu anayezungushia popo picha. Akachukua ndoo akaenda bombani, maana maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki, na kama unamtaka mwanamke yeyote wa kijiji siku ya maji, utamkuta kwenye foleni.

Severina alikuwa wa saba kwenye foleni, ndoo mbili. Hakumtazama usoni. Alichomoa kitabu cha kisomo kwenye mkunjo wa kanga, akamkabidhi. "Chukua, Mwalimu. Nilikuwa nakuja kukirudisha."

"Mama Nikolao, usiache. Umebakiza kidogo sana. Barua za Baba Nikolao utazisomaje?"

"Utanisomea wewe, kama zamani."

Hilo lilimchoma. "Nisamehe basi. Nilidhani nawafungua macho. Nilidhani hamjui."

Wanawake wa mbele na wa nyuma kila mmoja akatazama ndoo yake kama imetoboka. Severina akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto asiyekuwa mjinga, ila amelelewa mbali.

"Mimi sijui kitu, Mwalimu. Tangu nimekuwa mtu mzima sijui kitu. Lipiko akija, hata akiwa na magoti ya kaka yangu, mimi sijui. Akikohoa kikohozi cha shemeji yangu, sijui. Nakimbia mpaka nguo inanidondoka. Nikifika nyuma ya nyumba nacheka mpaka tumbo linauma, halafu narudi ili nikimbie tena. Mwaka ule, kabla mume wangu hajavuka, alipotea nyumbani tangu alfajiri. Lipiko akaja. Akaacha wanawake wote wa kijiji akanifukuza mimi, mimi tu, mpaka kwenye mihogo nikaanguka. Akasimama juu yangu anatikisa mabega. Sikujua ni nani. Unanisikia? Nilicheka siku tatu, na sikujua ni nani. Sasa kila nikimkumbuka mume wangu nakumbuka siku ile, na yeye hakuwepo."

Akajifuta macho kwa pembe ya kanga, kisha akachekea puani.

"Halafu wewe unakuja na mkaa wako unamvua. Nikijua, Mwalimu, nitakimbia nini?"

Foleni ikasogea. Ambakisye alibaki na kitabu mkononi na ndoo yake tupu, na mtu wa nyuma yake akamwambia kama hajazi maji apishe.

Usimcheke. Kuna watu wanafundishwa jambo kama hilo na bado hawashiki, yeye alishika. Alirudi nyumbani bila maji, akakaa kitandani, akawaza. Kumbe watu hawa hadithi yao wanaijua mwisho wake tangu utotoni. Hakuna wanachofichwa. Wanaijua, wazazi wao waliijua, na bado kila mwaka mioyo inawadunda. Hadithi inayoisha siku unapojua siri yake ni kitendawili tu. Kikishateguliwa, kwisha, hakiteguliki mara ya pili. Ile inayodumu unaingia unajua kila kitu na bado unaogopa, kwa sababu umeachiwa nafasi ya kuogopa. Akamkumbuka bibi wa Masasi. Kama siku ile mtu angetokea njiani, kijana wake au mumewe, akaonyeshwa uso na meno, Ambakisye angepiga makofi pamoja na wenzake, kisha angemsahau pamoja na korosho. Miaka minane ni yeye mwenyewe aliyekuwa anamfagilia bibi yule uwanja. Alijionea aibu, na ndani ya aibu akasikia furaha, furaha ya fundi aliyegundua kwa nini nyumba yake inavuja.

Akachukua wembe akazikata picha sita. Mzee Barnaba alizichoma moto mwenyewe nyuma ya nyumba yake, na hakumruhusu Ambakisye kusogea. Mahali palipokatwa, Ambakisye akashona kipande kipya. Lipiko anacheza. Mwanaheri anatazama chini. Picha moja kubwa, nyayo tu kwenye udongo mwekundu, na mguu mmoja una vidole vinne. Kisha Mwanaheri anakimbia, na miguu yake aliichora mara kumi na mbili, hakuwa amewahi kuchora mkimbio mrefu namna ile. Chini yake sentensi fupi: "Mwanaheri alikimbia akicheka." Hakuongeza neno.

Aliwabembeleza nyumba kwa nyumba, akaomba radhi nyumba kwa nyumba. Alhamisi walikuja, si wote, na waliokuja waliketi karibu na mlango. Severina alisimama kabisa, kitabu hajakichukua. Ambakisye akazungusha kijiti. Lipiko akatokea. Wanawake hawakucheka safari hii. Zikaja nyayo. Sekunde chache banda zima likawa linahesabu vidole. Halafu Severina akapiga yowe, yowe la kweli, akaruka mlangoni akakimbia! Na wanawake wote nyuma yake, wanapiga kelele, wanazunguka banda, kanga zinapepea, mmoja kapoteza kiatu, na wanaume ndani wanapiga makofi na kugonga magogo waliyokalia. Walizunguka mara mbili. Waliporudi walikuwa wanacheka huku machozi yanawatiririka, na Severina akanyoosha kidole kwenye kitambaa akiwa bado anahema, akasoma kwa sauti, herufi hata moja haikumponyoka: "Mwanaheri alikimbia akicheka." Kisha akasema, "Rudisha nyuma, Mwalimu. Rudisha tuone tena."

Sasa njoo kwa Bwana Gervas. Alifika Jumanne na Landrova, mtu mwungwana, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Alitazama vitambaa vyote tisa kwa makini. Akasifu rangi. Akasifu mamba. Cha tisa kilipopita akainua kichwa.

"Ndugu Mwalimu, na kile ulichoniandikia? Kuvuliwa uso?"

"Nimekiondoa, Ndugu."

"Umekiondoa! Mimi kwa ajili ya kile ndiyo nimekuja huku mwisho wa dunia. Sasa mtazamaji atajuaje kama ni baba yake?"

"Atajua."

"Nani atamwambia?"

"Hakuna wa kumwambia, Ndugu. Atajua tu, na hatasema."

Bwana Gervas alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na karatasi yenye masharti, na sharti la nne lilisema hadithi iwe na mwisho ulio bayana. "Chora tena zile picha sita," akasema kwa upole. "Nakupa wiki moja. Ukizichora, sidhani kama kuna ya kushindana na hii. Jina lako litafika Masasi yote."

Hapo ndipo Ambakisye alipoulizwa swali la maisha yake, mchana kweupe, kuku wanapita. Alitamani kusema ndiyo. Tusimpambe, alitamani sana. Aliona vitambaa vyake Newala, Tandahimba, Masasi, jina lake chini kwa herufi kubwa. Kisha akaona wanawake wa madarasa yote hayo wanajifunika kanga, mmoja mmoja, wanatoka kimya.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Ilichaguliwa hadithi nyingine, ya kuchimba choo, iliyochorwa vizuri na yenye mwisho ulio bayana kabisa. Ambakisye aliipata habari hiyo kwa barua ya mistari mitatu, na usiku ule alilia kwa uchungu. Na asubuhi akaenda kufundisha.

Alipokunja vitambaa ili aanze hadithi mpya, darasa lilikataa. Wakataka Mwanaheri tangu mwanzo. Wakaimaliza, wakaitaka tena. Kufikia masika ya mwaka uliofuata walikuwa wameiona mara tano, na watoto waliigiza mamba njiani, na watu waliokuwa hawajawahi kuja kisomo walijua ni wapi pa kulia. Barua ya mwisho ya Baba Nikolao ilikuja mwezi wa pili. Severina aliisoma mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa, na hakumwambia mtu ilisema nini. Baada ya hapo hazikuja tena.

Mwezi wa nne homa ikamlaza Ambakisye siku tisa. Siku ya kumi akajikokota kwenda bandani, amechelewa, miguu haina nguvu, akijiandaa kuomba radhi kwa darasa lililotawanyika. Akasikia sauti kabla hajafika. Banda limejaa. Severina amesimama kwenye fremu, anazungusha kijiti, na anasoma. Akimaliza sentensi anaieleza tena kwa Chimakonde, anaongeza maneno ambayo Ambakisye hakuwahi kuyaandika. Amempa mamba jina. Amempa Mwanaheri shangazi. Na, alaa, yalikuwa mazuri kuliko yake.

Mbele walikaa wageni, watu waliovuka mto wiki ile wakikimbia mabomu, bado wana vumbi la njia. Mmoja wao, mama kijana anaitwa Imakulata, mtoto mgongoni, akauliza, "Dada, nani aliyetengeneza hii?"

Severina hakugeuka hata kidogo. "Hii? Hii ni ya hapa kwetu. Ya tangu zamani."

Watu wakaitikia, ndiyo, ya zamani hiyo, ya zamani sana, na mzee Barnaba akatikisa kichwa kuthibitisha, mzee mzima.

Ambakisye alisimama mlangoni. Neno lilimpanda mpaka kwenye meno: ni mimi! Mimi, mwana wa Rungwe, kwa mkaa huu, kwa mikono hii, hata mwaka haujatimia! Alijua kwamba akitamka, wote watakubali, watampigia makofi, watampisha akae mbele. Akalimeza neno lile. Lilishuka kwa shida, kama kwinini. Akaingia kwa kuinama, akaketi nyuma kabisa kwenye mkeka, pembeni ya wageni.

Imakulata akamsogezea nafasi, akamnong'oneza, kwa vile aliona naye ni mtu ametoka mbali, amekonda, "Baba yake atarudi, eti?"

"Hebu tuangalie," Ambakisye akasema, na moyo ulikuwa unamdunda.